Kaka Yangu na Majivu ya Mviringo

Siku tuliyomzika kaka yangu, Afisa Uhusiano wa mtambo wa umeme alisimama kando ya jeneza na miwani yake myeusi, akafungua karatasi, akasema marehemu alikuwa nguzo. Hakusema nguzo ya nini. Mtambo una nguzo nyingi, na nyingine zimeota kutu. Akaendelea kusema kwamba marehemu aliipenda kazi yake na aliishi kwa ukweli. Nikamwona mume wangu anajifunika uso kwa leso. Watu wakadhani analia. Mimi ninayemjua nikaona anazuia kicheko, maana huyu huyu afisa ndiye aliyemwondoa kaka kwenye hiyo kazi aliyoipenda, na sababu yenyewe ilikuwa huo huo ukweli.

Mungu amemchukua kaka yangu, na kwa Mungu sina neno. Nina neno na ile karatasi. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nadhani inatosha kumweleza mtu niliyenyonya naye ziwa moja.

Kazi ya kaka ilikuwa kuangalia majivu. Sisemi kuyazoa, wala kuyalinda. Kuyaangalia. Aliamka mapema, akaoga, akavaa shati alilopigiwa pasi na mama, akachana nywele kwa makini kama anaenda kuposa, kisha akaenda kukaa kwenye chumba chenye dirisha lisilofunguka, akatazama majivu kwa jicho moja mpaka saa ya kutoka. Na mwisho wa mwezi walimlipa. Baba yetu, Mungu amrehemu, alilima maisha yake yote, akaingia kaburini bila kulielewa jambo hilo.

Mtambo wetu huchoma makaa ya mawe yaliyosagwa laini kama unga. Majivu yake hayaanguki chini kama ya jikoni, yanapanda na moshi. Mashine huyanasa mengi kabla hayajafika kwenye dohani, na wenye viwanda vya saruji huja na malori kuyanunua. Lakini wanunuzi hao wana nyodo kuliko maharusi, hawataki majivu yenye makaa yasiyoungua sawasawa. Basi lazima awepo mtu wa kuangalia. Kaka alikata kipande cha selotepu, akakigusisha kwenye majivu, akakibandika juu ya kioo chembamba, akakiweka chini ya hadubini. Halafu akafumba jicho moja na kutoweka duniani.

"Ni vimpira, mdogo wangu," aliniambia tulipokuwa tunakunywa chai kwa mama. "Vimpira vya kioo, viduara kabisa, vinang'aa. Ungeviona ungemsifu Mungu."

"Namsifu hata bila kuviona."

"Vingine ni vitupu ndani, kama puto. Vingine vimebeba wenzao tumboni, mpira ndani ya mpira, kama mjamzito wa mapacha."

"Na kliniki vinahudhuria?"

Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kaka hakucheka. Kwa majivu hakuwa na utani.

Alinieleza kwa nini ni viduara, na alinieleza mara nyingi kuliko nilivyomwomba, kwa sababu sikumwomba hata mara moja. Makaa ya mawe yana udongo ndani yake. Moto wa mtambo ni mkali kiasi kwamba udongo huo unayeyuka ukiwa hewani, unakuwa tone, na tone linaganda hivyo hivyo likiwa linaruka. Moto wa kuni haufiki huko. Majivu ya kuni ni vipande vilivyomeguka ovyo, na chembe za mkaa wake ukizitazama bado unaona vijumba vya mti vimejipanga kama sega la nyuki.

"Nionyeshe majivu, nitakwambia jiko," alijisifu.

Mtaani walimpa jina la Bwana Vumbi. Walidhani wanamkejeli. Yeye alilipokea kama mtu aliyetunukiwa uprofesa, na ukimwita kwa jina la ubatizo hakugeuka haraka.

Hakuoa. Aliwahi kuchumbia, na yule dada alikuwa mvumilivu kweli, mpaka siku kaka alipoomba poda yake ya usoni aende nayo kazini. Aliirudisha kesho yake kwa furaha nyingi akamweleza kwamba anajipaka mawe yaliyosagwa, tena yamesagwa vibaya. Tangu hapo kaka alibaki kwa mama, akila chakula cha mama na kuuchunguza unga wake kwa jicho la mashaka.

Sasa nieleze habari ya kanisa.

Kanisa letu liko katikati. Upande mmoja ni uzio wa mtambo. Upande wa pili, ng'ambo ya korongo, ni tanuri la mume wangu, ambaye anachoma matofali kwa kuni. Tanuri hilo ndilo linalotulisha, ndilo linalowavisha watoto sare za shule, na kwa kuwa Mungu ni mwema, limefanya hivyo tangu tulipofunga ndoa.

Mwaka mmoja vumbi la kijivu lilianza kutua kanisani. Ukifuta benchi Jumamosi, Jumapili unaweza kuandika jina lako juu yake. Akina mama waliovaa nyeupe waliinuka kwenye ibada na migongo ya kijivu. Waliopiga magoti walitoka na magoti ya kijivu, na wasiopiga tukawajua wote. Mzee mmoja wa kanisa akawa anajipaka vumbi magotini kwa kiganja kabla ya kutoka nje. Kwa upande huo lilitusaidia sana kiroho.

Lakini watoto walikohoa, watu wakalalamika, na mtambo ukamtuma Afisa Uhusiano. Alikuja na tabasamu lake, akasimama kwenye ngazi za kanisa.

"Ndugu zangu, mtambo wetu ni msafi. Sisi tunanasa kila kitu. Tazameni wenyewe kule," akanyoosha kidole ng'ambo ya korongo.

Tukatazama. Tanuri la mume wangu lilikuwa linatoa moshi mweusi unaoonekana hata na kipofu. Dohani la mtambo lilikuwa linatoa kitu chembamba cheupe, kama pumzi ya mtakatifu. Hata mimi mke wake ningemfunga.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye hakuna kitu alichokipenda kama kikao, akatangaza kikao. "Jumamosi ijayo, ukumbi wa kanisa. Vumbi likithibitika ni la tanuri, tanuri linafungwa. Mimi sina upande."

Jioni hiyo mume wangu hakula. Alikaa mlangoni akitazama mikono yake, kana kwamba itamwambia kazi nyingine inayoiweza. Mimi nikatia kanga mabegani nikaenda kwa mama.

"Wewe si unasema ukionyeshwa majivu utataja jiko?" nikamwambia kaka kabla sijasalimia. "Haya. Taja."

Alikwenda kanisani kesho yake akitoka kazini moja kwa moja, na koti lake jeupe, na selotepu yake mfukoni. Akapanda juu ya benchi, akagusisha selotepu kwenye ukingo wa dirisha, mahali ambapo mfagio haufiki. Siku iliyofuata alikuja kwangu mbio.

"Vimpira! Vimejaa kama mayai ya chura! Mtambo mtupu!"

Mume wangu alikula sahani mbili. Mimi nilisimama kwenye ibada ya katikati ya wiki nikashuhudia. Nilisema Mungu hawaachi wanaomtumaini, nilisema amefunua lililofichika, nikaanzisha wimbo na kuuimba mpaka ubeti ambao watu huwa wanauruka. Mchungaji akasema amina ya kutikisa bati.

Habari ikaenea. Kila mtu akajua Bwana Vumbi ameliona vumbi.

Siku iliyofuata akaja tena. Safari hii hakukimbia. Akakaa, akakataa chai, na kaka yangu kukataa chai ni kama mto kukataa bonde.

"Mdogo wangu, ile slaidi, kile kioo cha vumbi la kanisani, haifai."

"Haifai vipi? Ina vimpira au haina?"

"Inavyo. Lakini leo nimejaribu kioo kitupu. Nimekata selotepu, nimeibandika juu ya kioo bila kugusa vumbi lolote. Ndivyo inavyotakiwa. Nilipaswa kuanza na hicho."

"Ukaona nini?"

"Vimpira."

Mume wangu akaacha kutafuna. "Shemeji, kioo kitupu kina vimpira?"

"Vimetoka kwangu. Viko kwenye koti, viko kwenye nywele, na selotepu inalala mfukoni kwenye hilo hilo koti. Natembea navyo, shemeji. Nikichukua vumbi la mwezini, nalo litakuwa na vimpira."

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Mimi tu."

"Basi nyamaza."

"Si wewe uliyeshuhudia kanisani jana?"

"Ndiyo maana nakwambia unyamaze! Unataka nisimame tena niseme Mungu alikosea slaidi?"

"Mungu hakukosea. Nimekosea mimi."

"Na wapwa zako watakula nini tanuri likifungwa? Usahihi?"

Akainama. Kaka alikuwa na kisogo kidogo kama cha mtoto, na hata nikiwa na hasira kisogo hicho kilinihuzunisha.

"Vimpira viko kule kanisani, na wewe unajua viko," nikasema, sasa nabembeleza.

"Nadhani viko. Sijaviona. Nilichokiona ni koti langu."

Mpaka leo naona mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini siku Mungu alipokuwa anagawa akili timamu, kaka alikuwa amefumba jicho moja.

Akaamua kazi irudiwe, na yeye asiiguse. Mama naye hakufaa, maana ndiye anayefua yale makoti. Mimi na mume wangu hatukufaa, maana tanuri ni letu. Akabaki mchungaji. Ikawa Ijumaa mchana, siku moja kabla ya kikao, mchungaji ameshika selotepu mpya kutoka dukani, mwenyekiti amesimama kushuhudia, na kaka yuko nje ya geti kama mtu aliyetengwa na kanisa, anapaza sauti.

"Mchungaji! Usiiweke mfukoni!"

"Nimesikia, ndugu!"

"Kioo cha kwanza kisiguse vumbi! Bandika selotepu tupu!"

"Tupu ya nini sasa?" mwenyekiti akafoka. "Tumekuja kutafuta vumbi au kutafuta selotepu?"

"Ni ya kunipima mimi, mwenyekiti! Hicho kikiwa na vimpira, msiniamini tena!"

Mwenyekiti akanung'unika kwamba katika miaka yake yote ya uongozi hajawahi kuona shahidi anayejitafutia kesi. Mchungaji akabandika. Kisha akachukua kioo cha pili, akakigeuza mkononi kidogo, akakisugua kwa kidole gumba. Kaka akanyoosha shingo.

"Mbona kinang'aa hivyo?"

"Nimekitia mafuta ya upako," mchungaji akajibu kwa unyenyekevu, "ili kiseme kweli."

Kaka akashika nondo za geti kwa mikono miwili. "Mchungaji wangu, tone la mafuta chini ya hadubini ni duara! Litaonekana kama mtambo!"

"Haya ni mafuta yaliyoombewa, ndugu!"

"Hata yaliyoombewa ni duara!"

Mimi niliyekuwa pembeni sikujua nicheke au nikemee. Mchungaji alinuna kidogo, akaweka kioo cha upako kando, akanawa mikono, akachukua kingine. Akapanda benchi lile lile, akagusisha selotepu kwenye ukingo wa dirisha, akabandika. Vumbi likishafungiwa kati ya gundi na kioo haliingiliwi tena, kwa hiyo kaka aliweza kuvipokea vioo vyote viwili bila kuvitia lake. Alivipokea kwa vidole viwili, kama anapokea sakramenti, akaenda navyo kazini. Hakuniaga.

Kwenye kikao, ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Mume wangu alivaa suti yake ya harusi, ambayo haifungiki tena, na alikuwa ameanza kutokwa jasho kabla ya sala ya kufungua. Afisa Uhusiano alikaa mbele. Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wa plastiki, na mdomoni mwa mfuko umechomoza mkono wa nguo nyeupe. Nikautazama vizuri. Lilikuwa koti la kaka, lile la maabara, na doa la chai kwenye huo mkono nalijua. Nikaelewa amekuja kulikung'uta mbele ya watu, waone vile vimpira vilitoka wapi. Mambo ya vioo vitupu anayajua kila mtu wa maabara kule, kasoro sisi tuliokwisha kuimba.

Mwenyekiti akamwita kaka. Akasimama na shati aliloazima kwa mume wangu, kola inamzidi shingo.

"Kwanza," akasema, "kile kipimo mlichosikia kanisani hakifai. Kilikuwa na majivu ya koti langu. Dada yangu alishuhudia kwa imani, mimi nilimpa uongo bila kujua."

Watu wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Bwana Vumbi kajivumbua!" wakacheka zaidi. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini nilikuwa namwangalia afisa, na nikaliona lile tabasamu linamteleza usoni kama bango lililobandikwa kwa gundi ya maji. Akausukuma ule mfuko kwa kisigino mpaka ukaingia uvunguni kabisa mwa kiti.

Kaka akasubiri kicheko kiishe. Akaeleza habari ya mchungaji na selotepu ya dukani, mwenyekiti akitikisa kichwa kukubali. "Kioo kitupu hakikuwa na kitu, ila nyuzi za kitambaa. Kioo cha vumbi kilikuwa na mchanga wa barabarani. Kilikuwa na vimpira vya mtambo, vingi. Na kilikuwa na majivu ya kuni." Akamgeukia mume wangu. "Hayo ya kuni ni ya tanuri la shemeji yangu."

Mimi nilisema jina la Bwana, na si kwa kusali.

Afisa aliruka. "Mmesikia! Tanuri linahusika!"

"Linahusika," kaka akajibu. "Kidogo. Sisi tunahusika zaidi, tena zaidi sana."

Alisema "sisi." Mtu anaiangusha ofisi yake mbele ya mtaa mzima, na bado anasema "sisi," kama mtu anayeungama dhambi za nyumbani kwao.

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Huyu kajishtaki mwenyewe, kamshtaki mwajiri wake, na shemeji yake naye hakumwacha," akasema. "Amebaki nani wa kuonewa? Tanuri lisifungwe. Mwenye tanuri apandishe ukuta upande wa kanisa, na siku ya ibada asiwashe moto. Kuhusu mtambo, utashauriwa."

Na kweli ulishauriwa. Ukaguswa moyo kiasi kwamba baada ya wiki chache ulileta msaada kanisani. Boksi zima la vitambaa vya kufutia vumbi, kila kitambaa na nembo ya mtambo kwenye pembe. Afisa alipiga picha na mchungaji. Kaka alihamishiwa stoo kuhesabu mikanda ya mashine, kwa kile walichokiita kupanua uzoefu wake.

Tanuri likaendelea kuwaka. Mume wangu alipandisha ukuta, akanuna mwezi mzima kwa ajili ya yale majivu ya kuni, kisha akapeleka jogoo kwa mama bila kusema ni wa nini. Kaka alimla bila kuuliza. Huko stoo hakukuwa na hadubini. Alikuwa akija kwangu anapitisha kidole juu ya kabati, anakitazama kwa karibu, anafumba jicho moja, halafu anakipangusa kwenye suruali.

"Hamna kitu unachokiona hapo," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Mazoea."

Amekufa mwaka huu, moyo, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu. Mtaani wengi walitaka kiwe kifua, wapate la kusema juu ya mtambo, lakini daktari alisema moyo. Hata kwa kufa hakukubali kutoa ushahidi asiokuwa nao.

Kaburi lake limejengewa kwa matofali ya tanuri lile. Hakuna aliyemwomba mume wangu. Aliyachoma mwenyewe, akachagua moja moja, akayakataa mengi, na yaliyobaki yameiva vizuri mpaka yanalia ukiyagonga. Shada la maua la mtambo liliegemezwa juu yake, kubwa kuliko yote, na jina la mtambo limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la kaka.

Jana tulikwenda kusafisha kaburi. Shada limekauka, na matofali yameshika vumbi la kijivu. Nikatoa kile kitambaa chenye nembo, kwa kuwa kinafuta vizuri, sibishi, nikafuta kuanzia kichwani kwenda miguuni. Naamini siku ya ufufuo atainuka hapo, na kabla hajatukumbatia atasimama mbali kidogo ajikung'ute kwanza, asituchafue.

Mume wangu aliinama, akatazama kitambaa kilivyobadilika rangi.

"La kwetu au la kwao?" akauliza.

Nikakinyanyua kwenye mwanga, nikafumba jicho moja.

"Bila kioo," nikamwambia, "siwezi kusema."